Watafiti wa dini warudishe majibu kwa waliowauliza

Mara nyingi familia zinapofika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani mashariki mwa Kongo, hata kabla ya kila mmoja kupata turubai, mahali pa maombi pamekwisha kupatikana. Mtu aliyeacha shamba, mbuzi na makaburi ya wazazi hushika imani, kwani ndiyo aliyoweza kukimbia nayo.

Kwa hiyo mtafiti akifika na daftari kuuliza watu wanasali wapi, kwa nini wamebadilisha kanisa, nani anawaombea wagonjwa, hakosi wa kumjibu. Wamama wanamtafutia kiti na kumpa saa nzima. Halafu anaenda, na majibu hayarudi.

Watafiti hao wana chama chao. Chama cha Afrika cha masomo ya dini kilizaliwa Harare, Zimbabwe, mwaka 1992, wakati wa mkutano wa chama cha dunia nzima kilichoanzishwa Amsterdam mwaka 1950. Kinaunganisha wanaochunguza imani za mababu, Ukristo na Uislamu, na kinataka kuinua utafiti wa Waafrika wenyewe.

Katika jambo hili Kongo haikuchelewa. Padri Vincent Mulago, mtoto wa Kivu ya Kusini, aliongoza kituo cha masomo ya dini za Kiafrika Kinshasa, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, ambacho jarida lake lilianza kutoka mwaka 1967. Lakini jarida hilo ni la Kifaransa, na vitabu vingi vya watafiti wa leo ni vya Kifaransa au Kiingereza. Mama wa kambini aliyetoa habari hawezi kusoma kilichoandikwa juu yake.

Hasara yake si ndogo. Mwezi wa 9 mwaka 2021, katika maeneo matatu ya Kivu ya Kusini, wanawake wanane walioshutumiwa uchawi waliuawa na watu wenye hasira, wengine kwa kuchomwa moto. Mara nyingine anayeonyesha kidole cha kwanza ni mtu anayejiita nabii. Aliyekaa miezi na waumini anaweza kusaidia kujibu maswali ambayo polisi hawaulizi: Kwa nini wanashutumiwa wazee na wajane? Shutuma huanza kwenye ugonjwa, kwenye kifo cha mtoto, au kwenye ugomvi wa shamba? Na shamba la marehemu linabaki kwa nani?

Wako wachungaji wanaosema kuchunguza dini ni kumjaribu Mungu. Hapana. Mtafiti hapimi Mungu wa nani ni wa kweli. Anaangalia wanadamu wanafanya nini kwa jina lake. Mchungaji anayehubiri kwa haki hana cha kuogopa. Anayeogopa ni yule anayepata sadaka kwa kuwaita bibi za watu wachawi.

Ni kweli kwamba karatasi ya chuo kikuu haizuii kundi lenye mawe na petroli. Lakini karatasi hiyo ikigeuzwa kipindi cha redio kwa Kiswahili, ikajadiliwa na padri, mchungaji, shehe na chifu mezani pamoja, inaweza kumfikia kijana kabla hajaokota jiwe. Redio za hapa ziko, na hazikatai habari kama hizo. Chama cha watafiti kiweke basi sharti moja kwa wanachama wake: kazi haijaisha mpaka matokeo yamesomwa mbele ya waliotoa habari, kwa lugha yao, bila kutaja majina yao.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa daftari amekuja mara nyingi, mwenyeji bado anangoja kupona. Siku atakapokuja tena, apewe kiti kama kawaida, ila kabla ya swali lake la kwanza aulizwe yeye: majibu utaturudishia lini, na wapi?