Kijana, Pikipiki na Ramani ya Mfukoni

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia dada yetu mmoja wa mtaani akiwa na fedha alizozifunga kwenye ncha ya kanga. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Wengine zamu ikifika hununua kabati au godoro. Yeye alikuja kuuliza habari za ramani.

Mwanawe ana miaka 22 na huendesha bodaboda. Maskani yake ni Tandale, lakini siku hizi kazi haina mipaka ya mtaa: asubuhi abiria wa Sinza, mchana kifurushi cha Mbezi, usiku mtu wa Mbagala asiyemfahamu wala asiyeifahamu njia ya kwake. Mwezi uliopita, saa mbili za usiku, alikuwa akitafuta nyumba ya mteja huku simu ameishika kwa mkono wa kushoto na macho yake yamo ndani ya kioo. Pikipiki ikaingia mtaroni. Alhamdulillahi, alitoka na kidevu kilichopasuka na taa ya mbele iliyovunjika. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amemshusha mama mjamzito. Ni habari ya huyo mama iliyomkosesha usingizi dada yetu.

“Ndugu yangu,” alituambia, “nasikia zipo GPS za pikipiki. Nimnunulie ipi?”

Swali hilo tumelisikia kwa wazazi wengi, na ndiyo sababu tumeona tulilete hapa. Jumamosi tulifuatana nao, mama na mwana, hadi Kariakoo. Katika duka la kwanza tulipotamka neno GPS, muuzaji alitutolea kijisanduku cheusi kinachotoshea kiganjani, chenye nyaya tatu na nafasi ya laini ya simu. Hicho sicho. Hicho ni kifaa cha kufuatilia chombo: hufichwa chini ya kiti, nacho humtumia mwenye pikipiki habari ya mahali ilipo. Kinafaa dhidi ya wezi, na wenye kukopesha pikipiki hukipenda sana, lakini hakimwelekezi dereva hata hatua moja. Mitaani kwetu vitu viwili tofauti vimepewa jina moja, na mzazi asiyejua hilo huweza kutumia akiba yake yote akarudi nyumbani na kitu ambacho mwanawe hakukihitaji. Dada yetu, tusimfiche, alikitazama kijisanduku kile kwa tamaa kidogo. Kijana akainamisha kichwa.

Kifaa cha kuelekeza njia kilichotengenezwa mahsusi kwa wapanda pikipiki kipo duniani. Kampuni ya Garmin, kwa mfano, hutengeneza vyake kwa jina la zūmo. Kile kiitwacho zūmo XT kilipotoka mwaka 2020 kiliuzwa Marekani kwa takriban dola 500. Kioo chake husomeka juani, hakiogopi mvua, hukubali kidole chenye glavu, na mtikisiko wa injini haukisumbui. Ni kifaa kizuri kwa msafiri avukaye nchi na nchi. Kwa kijana wa Tandale, bei yake inakaribia kumla pikipiki nusu, na akikiegesha mbele ya usukani sokoni, kitaondoka na mwenye mikono myepesi. Hatukumshauri.

Ikabaki simu. Na hapa kijana mwenyewe alikuwa na hoja yake: “Mjomba, simu ninayo, ila bando likiisha njia nayo imeisha.” Wengi huamini hivyo, na si kweli yote. GPS yenyewe haili bando. Ni setilaiti zinazoizunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu hukaa kimya ikisikiliza, kama redio. Ikizisikia nne au zaidi, hupiga hesabu na kujua ilipo. Hailipi senti. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayovutwa kipande kwa kipande kutoka kwenye intaneti njia nzima. Ramani ikiwa tayari imo ndani ya simu, safari huendelea hata simu ikiwa haina salio wala laini. Jambo moja tu la kustahimili: simu iliyozimwa muda mrefu, isipokuwa na intaneti ya kuisaidia, huchelewa kuzipata setilaiti mwanzoni. Kijana aisimamishe mahali penye mbingu wazi, asubiri, ndipo aondoke.

Ndipo tukafika kwenye kiini cha shauri, nacho si kifaa bali ni ramani. Watu hubishana kuhusu ukubwa wa kioo na wingi wa kamera, kisha wakachukua ramani yoyote itakayokuja nayo. Tungeomba mpangilio huo ugeuzwe. Ramani ndiyo ichaguliwe kwanza, na ichaguliwe kwa mtihani ambao mzazi yeyote anaweza kuusimamia: taja mahali patatu unapopajua kama kiganja chako, uone kama ramani inapajua.

Tulifanya hivyo tukiwa tumeketi kwenye benchi la muuza kahawa. Kijana alitaja Kwa Mtogole, akataja zahanati anakopelekwa mdogo wake, akataja kichochoro kinachotokea nyuma ya nyumba yao. Google Maps ilivijua viwili vya kwanza, nayo ina sifa kubwa ya kujua foleni, mradi bando lipo. Pia hukubali sehemu ya ramani ipakuliwe mapema kwa matumizi ya bila mtandao. Kichochoro haikukijua. Tukafungua Organic Maps, programu ya bure inayotumia ramani ya OpenStreetMap. Kichochoro kikaonekana, na kando yake mstari mwembamba wa buluu. Kijana akausogeza kwa vidole viwili, akanyamaza. Ulikuwa mtaro ule ule.

Si miujiza. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na ni ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Tandale ilichorwa mwaka 2011 na wakazi wake wakishirikiana na wanafunzi, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na watu wa mitaa, wakapita kata zinazokumbwa na mafuriko wakiandika barabara, vichochoro, nyumba na mitaro. Kwa hiyo mitaa ambayo watu wengine huiona haina mpango ndiyo iliyochorwa kwa undani ambao ramani nyingine hazina. Ramani hiyo, hata hivyo, haikumwambia kijana kama mtaro una kifuniko.

Kasoro nyingine zipo pia. Organic Maps, tulivyoijaribu, haina chaguo la pikipiki. Ukichagua gari, itakuzungusha barabara kubwa. Ukichagua baiskeli, yaweza kukupitisha mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa adabu. OsmAnd, inayotumia ramani hiyo hiyo, inalo chaguo la pikipiki, ingawa mipangilio yake ni mingi na huchosha, na toleo lake la bure lina kikomo cha ramani utakazopakua. Tulimwekea kijana zote mbili: ya kwanza kwa kutafuta, ya pili kwa kuongozwa. Na tukumbuke kwamba simu, hata chini ya mbingu wazi, hukosea kwa mita tano hivi. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo hukosea zaidi. Mahali ambapo vichochoro viwili vimepishana kwa ukuta mmoja, kile kidoti cha buluu kinaweza kukaa upande ambao si wako.

Tena ramani iliyopakuliwa haijui kilichotokea leo. Msimbazi ukifurika, barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa, lakini ramani ya mfukoni itaendelea kusema nyoosha moja kwa moja. Siku za mvua, madereva wenzake kijiweni ni ramani bora kuliko yoyote. Vivyo hivyo kwa mteja: tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, basi dereva aulize jina la mtaa na namba kabla ya kuwasha injini. Watu bado watamwambia “njoo pale kwenye mwembe”. Naye auulize mwembe upi.

Kuhusu kuifunga simu kwenye usukani, tuna neno. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki, ukipitia kwenye usukani, waweza kuharibu mitambo midogo inayotuliza picha ndani ya kamera za iPhone. Hatuoni sababu ya kudhani simu nyingine zenye mitambo kama hiyo zimesalimika. Jua nalo huichemsha simu hadi ikajififiza au kujizima, na matone ya mvua huigusa kama vidole. Kwa hiyo simu mpya haikununuliwa. Dada yetu alikuwa na simu ya zamani kabatini, kamera yake imekufa siku nyingi. GPS yake ikafanya kazi vizuri. Hiyo ndiyo ikawa ya ramani. Ikapata kishikio cha chuma chenye kufungwa kwa skrubu, kifuko cha plastiki cha mvua, na fundi akavuta chaji kutoka kwenye betri ya pikipiki kupitia fyuzi.

Lakini hata kishikioni, kioo bado ni kioo. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Akiinamisha macho sekunde tatu, amekwenda mita 33 bila kuona. Kwa hiyo tulimtaka aizoee sauti: spika ndogo ya masikioni upande mmoja tu, kwa sauti ya chini, sikio la pili libaki kwa honi za wenzake. Njia aitazame kabla ya kuondoka, na akipotea asimame pembeni. Alituahidi. Kwa siku tatu za kwanza alilalamika kwamba yule mwanamke wa ndani ya simu humchelewesha kona, maana yeye huzijua kona zote. Siku ya nne alipata mteja wa Chanika, hakulalamika.

Upatu ulibakiza fedha nyingi kuliko tulivyotazamia. Tulipokuwa tukitoka Kariakoo, dada yetu alisimama kwenye duka la vipuri, akauliza bei ya kofia ngumu, akaigeuza, akagonga ndani kwa kifundo cha kidole. Kijana akasema, “Mama, kofia ninayo.”

“Hii si yako,” akamjibu. “Ni ya atakayeketi nyuma.”