Kwa nini nichanjwe mimi niliye mzima?

Kila mara habari za mlipuko wa ugonjwa zinaposikika ng'ambo ya mpaka, swali moja huzuka upya katika masoko yetu, kuanzia Kimironko hapa Kigali hadi Rubavu na Rusizi. Kijana mwenye afya yake, ambaye hajaugua hata mafua, anaambiwa aende kituo cha afya akachanjwe mapema kabla ya wengine. Hakuomba, wala hakutarajia. Anauliza: mbona mimi? Bibi yangu yuko nyumbani na presha yake, hajaitwa. Nimefanya nini hata nitangulizwe?

Swali hilo ni halali na halistahili kubezwa kama wanavyolibeza baadhi ya watu wa maofisini. Wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni tuna sababu ya ziada ya kuliuliza. Sisi tuliokulia Karagwe, na wenzetu waliokulia Zaire, Burundi na Uganda, tunakumbuka kupangwa mstari na kuchomwa sindano bila mtu kutueleza ni ya nini. Mkimbizi anapofika mahali, mojawapo ya mambo ya kwanza anayofanyiwa ni chanjo. Inamkinga yeye, hilo ni kweli. Lakini mtoto anayetazamwa na wenyeji kwa jicho la pembeni huelewa jambo jingine: kwamba anaogopwa. Hofu hiyo haifutiki kwa kupata kitambulisho kipya. Mchuuzi wa Rubavu anapoambiwa leo kwamba yeye ndiye wa kwanza kuchanjwa kwa sababu anavuka mpaka kila siku, anachosikia ni kwamba yeye ndiye mchafu.

Tunadhani kijana huyo akubali kuchanjwa. Lakini tunadhani pia kwamba wanaomwita wana deni kwake, na deni hilo mara nyingi hulipwa nusu.

Tuchukue mfano tunaoufahamu vizuri. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 1, 2018. Mwaka mzima ilizunguka Beni, Mangina, Butembo na Ituri. Juni 2019 ilivuka na kuingia Kasese, Uganda, pamoja na familia iliyokuwa imetoka Kongo. Julai 14 ikagundulika Goma, kwa mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura ya kimataifa. Agosti 1, 2019, wafanyabiashara waliodamka kwenda Goma walikuta mpaka umefungwa, ukafunguliwa tena siku hiyo hiyo. Waliokuwa na nyanya na maziwa siku ile wanajua saa chache zile ziliwagharimu nini. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa.

Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja katika mlipuko ule. Hata hivyo, Desemba 2019, serikali ilianzisha Rubavu na Rusizi kampeni iliyoitwa Umurinzi, yaani mlinzi, ya kuwachanja watu wapatao laki mbili. Walengwa wakuu hawakuwa wazee wala wagonjwa. Walikuwa watu wazima wenye nguvu zao, hasa wale wanaovuka kwenda Goma na Bukavu kutafuta riziki: wachuuzi, wabeba mizigo, madereva, wanafunzi. Nchi haina mgonjwa, mtu haumwi, na bado anaitwa. Kwa wengi hapo ndipo shaka ilipoanzia.

Jibu liko katika jinsi chanjo zenyewe zinavyofanya kazi, na tunashangaa ni mara chache kiasi gani watu wameelezwa jambo hili kwa lugha ya kawaida. Katika mlipuko ule zilitumika chanjo mbili tofauti. Ya kwanza, Ervebo, hutolewa mara moja tu na kinga yake hujengeka ndani ya siku kama kumi. Hiyo ndiyo waliyopewa zaidi ya watu laki tatu huko Kongo, kwa mtindo wa kumzunguka mgonjwa: wale waliomgusa, kisha wale waliowagusa hao. Ni chanjo ya kuzima moto uliokwisha kuwaka. Ya pili, iliyotolewa bure na kampuni ya Johnson & Johnson na ndiyo iliyotumika Rubavu na Rusizi, ina dozi mbili zinazopishana siku 56. Hesabu mwenyewe, msomaji. Ebola hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya mtu kuambukizwa. Chanjo inayohitaji wiki nane kukamilika haimfai mtu ambaye jana alimzika ndugu yake aliyekufa kwa ugonjwa huo. Inamfaa tu mtu ambaye bado hajakutana nao. Yaani inamfaa mzima, na inamfaa mapema, ama haimfai kabisa.

Kwa hiyo mtu anaposema, "Waje kunichanja ugonjwa ukifika," hajui kwamba amekwisha kuikataa chanjo hiyo. Wakati huo atahitaji ile nyingine, kama itapatikana na kama jina lake litakuwa katika orodha ya waliomgusa mgonjwa.

Na bibi je? Bibi wa kijijini havuki mpaka. Ebola haipeperushwi na upepo. Inafuata damu, matapishi, jasho la mgonjwa na maiti inayooshwa. Inasafiri na watu wanaosafiri. Mama wa Gisenyi ana wifi yake Goma, akifiwa huko atakwenda msibani kwa sababu hakuna mtu wa kwetu asiyekwenda msibani. Anayechanjwa kabla ya bibi hajamnyang'anya bibi kitu, maana ni yeye ambaye angeweza kumletea ugonjwa ndani ya nyumba. Hata hao wa Beni waliokuwa wakifa hawakunyang'anywa, kwa sababu dozi za Rubavu hazikuwa za aina waliyokuwa wakipewa wao.

Hayo ndiyo tungetaka yasemwe sokoni, tena kwa maneno hayo hayo. Mfanyabiashara hachaguliwi kwa kuwa mchafu. Anachaguliwa kwa sababu ya njia anayopita, kama vile lori linavyokaguliwa Rusumo bila mtu kumtukana dereva.

Sasa tuje kwenye deni.

Chanjo ile ya dozi mbili, wakati inaanza kutolewa Rubavu Desemba 2019, ilikuwa imeruhusiwa hapa nchini kwa sababu ya dharura. Umoja wa Ulaya uliipa idhini ya soko Julai 2020, miezi saba baadaye. Ushahidi wake ulitoka kwa maelfu ya watu waliochanjwa katika majaribio, ambao damu yao ilionyesha kinga na ambao hawakupata madhara makubwa, pamoja na majaribio ya wanyama. Haukutoka kwa watu waliokutana na Ebola yenyewe wakapona. Upande wa pili wa mpaka, waziri wa afya wa Kongo wakati huo, Oly Ilunga, aliipinga chanjo hiyo hadharani, na Julai 2019 akajiuzulu baada ya kuondolewa katika uongozi wa vita dhidi ya Ebola. Wachuuzi walisikia hayo yote kwenye redio za Goma. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba "hakuna cha kuuliza, ni salama" ni kumfanya mjinga, na yeye si mjinga. Anabadilisha faranga za nchi mbili na dola kichwani bila karatasi. Aambiwe: hivi ndivyo tunavyovijua, hivi bado hatujavijua, nasi tunakushauri ukubali kwa sababu hizi. Kwa uzoefu wangu wa darasani, mwanafunzi aliyeambiwa ukweli wote, hata ule usiopendeza, ndiye anayerudi kesho.

Tuliona jambo hilo mwaka 2011, nchi ilipokuwa ya kwanza Afrika kuanza kuwachanja wasichana wote wa darasa la sita dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Watoto wa miaka kumi na miwili, wazima kabisa, kwa ugonjwa ambao kwa kawaida hujitokeza miaka mingi baadaye! Uvumi wa utasa ulianza mara moja. Walimu, viongozi wa dini na washauri wa afya wa vijijini wakatumwa kuzungumza na wazazi kabla ya sindano, na zaidi ya asilimia 90 ya wasichana wakachanjwa.

Lipo pia suala la akina mama. Wanaojaza kile kivuko kidogo cha Rubavu kila asubuhi wengi wao ni wanawake, na kampeni ya Umurinzi ilianza kwa kuwaacha nje wajawazito, kwa tahadhari ya kitaalamu inayoeleweka. Lakini hebu fikiria: mwanamke anapimwa mimba mbele ya foleni ya majirani, kisha anarudishwa bila sindano. Soko zima limeshajua habari yake kabla ya mume wake. Utafiti wa kuwachanja wajawazito ulianza huko magharibi mwaka 2020, jambo la kupongezwa. Ila kupima kwa faragha hakuhitaji utafiti wowote, kunahitaji pazia.

Halafu kuna ile chupa iliyofunguliwa. Wakati wa UVIKO-19 nchi yetu ilipokea Machi 3, 2021 dozi 240,000 za AstraZeneca na 102,960 za Pfizer, kwa watu zaidi ya milioni kumi na mbili. Chupa moja ya AstraZeneca ilikuwa na dozi kumi na ikishafunguliwa ilipaswa kutumika ndani ya saa sita. Jioni inafika, waliopangiwa hawakutokea wote, dozi tatu zimebaki, na nje ya kituo anapita kijana wa pikipiki. Muuguzi anamwita. Huyo naye anapatwa na wasiwasi: je, nimeruka foleni? Tunasema hapana. Dozi hiyo ikikataliwa haiendi kwa mzee wa Nyamagabe, inaenda kwenye ndoo ya taka. Mahali pa kuwa na wasiwasi ni pengine: ni nani anayeitwa jioni hiyo. Ikiwa kila siku ni shemeji wa mhasibu na rafiki wa mwenye duka la dawa, hapo wananchi wana haki ya kunung'unika, na manung'uniko hayo yanaua imani kuliko uvumi wowote. Orodha ya watu wa akiba, iliyoandikwa asubuhi na kubandikwa mlangoni, inamaliza ugomvi huo kwa karatasi moja.

Hapa Kigali tulipata mfano mwingine. Virusi vya Marburg vilitangazwa Septemba 27, 2024, na Oktoba 6 watumishi wa afya walikuwa wameanza kupewa chanjo iliyokuwa bado katika majaribio, wakianza na dozi zipatazo mia saba zilizoletwa na taasisi ya Sabin ya Marekani. Wengi wa waliougua katika mlipuko ule walikuwa watumishi wa afya wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini muuguzi kijana ametangulizwa. Wagonjwa walikuwa 66, waliokufa 15, na Desemba 20 mlipuko ukatangazwa kwisha. Sababu ya kumtanguliza muuguzi ilionekana kwa macho. Ya mchuuzi haionekani kwa macho, ndiyo maana inahitaji kusemwa, na isemwe pia kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi mwaka 2017 na ambayo ndiyo ya biashara kati yetu na Goma.

La mwisho ni dozi ya pili. Siku 56 ni muda mrefu katika maisha ya mtu anayefuata bei. Leo yuko Rubavu, mwezi ujao Kamembe, baada ya hapo amekwenda kwa dada yake Nyabugogo kutafuta bidhaa nyingine. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa ajili ya UVIKO-19 na watu wakatawanyika. Waliokuwa wamechomwa ya kwanza walibaki wakihesabu siku majumbani. Zaidi ya watu laki mbili hatimaye walifikiwa na kampeni ya Umurinzi, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini kwa kampeni zijazo tunataka mambo mawili yapangwe tangu siku ya kwanza. Mtu aliyechanjwa Rubavu aweze kupata dozi ya pili Kigali au Rusizi kwa kuonyesha kitambulisho chake tu, kama anavyotibiwa kwa mituweli yake. Na kituo kilicho karibu na kivuko kifunguliwe kabla ya mpaka kufunguliwa. Saa tatu asubuhi mchuuzi yuko Goma na beseni lake kichwani, na muuguzi anayemsubiri saa hiyo atakaa peke yake hadi jioni.

Kadi nayo ikubalike pande zote mbili. Haina maana kumchanja mtu kwa sababu anavuka, kisha amfikie ofisa wa upande wa pili anayeigeuza kadi yake juu chini kama hajapata kuiona.