Kunguru wa Voi Tumewaalika Wenyewe

Ukishuka basi mjini Voi alfajiri, kabla mama wa mahamri hajawasha jiko, wa kwanza kukupokea ni kunguru. Yuko juu ya nguzo ya stima, jicho kwenye taka za jana. Chini yake wamo shomoro wa nyumbani, na juu mwewe anazunguka akitafuta riziki hiyo hiyo.

Mimi hupenda kutembea asubuhi kutoka steji hadi pembezoni mwa mji, upande wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Nikiingia mitaa yenye nyua na miti, kelele za kunguru hupungua. Nawaona kwenzi wenye mgongo wa samawati na tumbo la rangi ya kutu, na minana wakisuka viota kwenye matawi. Migunga ikianza kuwa mikubwa, namsikia hondohondo. Anga ni moja na mvua ni ile ile. Kinachotofautiana ni jinsi tulivyojenga.

Hoja yangu leo ni hii: hakuna ndege anayekuja mjini kwa bahati. Mji ndio unaomchagua. Mbayuwayu wadogo waliozoea kutaga kwenye majabali huona ghorofa kama jabali, wakajenga chini ya paa. Hondohondo yeye hutaga ndani ya shimo la mti, jike akajiziba humo na dume akamletea chakula. Tukikata mti mkongwe kwa ajili ya ploti, tumemfukuza hata kama hatukumrushia jiwe.

Kunguru tunayemlalamikia, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa, kisha akaufuata mwambao na kupanda bara kwa njia ya magari na reli, mji kwa mji, jalala kwa jalala. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Ni kweli hafugiki, lakini kunguru huyu pia hawezi kuishi mbali na watu. Hutamkuta katikati ya nyika ya Tsavo. Utamkuta tulipo sisi na makombo yetu.

Madhara yake tunayajua. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga, huchafua paa na meza za hoteli. Mwanzoni mwa 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kwa sumu iitwayo Starlicide. Siupingi mpango huo. Mwenye kuku anayepoteza vifaranga kila wiki hawezi kuambiwa asubiri. Lakini sumu hiyo si ngeni Pwani. Ilishawahi kutumika Watamu na kwingineko, na ilipokoma kuingizwa nchini mnamo 2005, kunguru walirudi kwa wingi. Jalala lilikuwa bado linawangoja.

Sasa tazama upande wa pili wa kaunti yetu. Panda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, ufike misitu ya milimani kama Ngangao. Humo anaishi apalisi wa Taita, ndege mdogo asiyepatikana popote pengine duniani, na ambaye yumo katika kundi la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ngangao ni takriban hekta 120 tu. Kati ya msitu na msitu kuna mashamba, nyumba na miti ya kigeni kama mikaratusi na misonobari. Kwetu hayo ni mwendo wa pikipiki. Kwa ndege aliyezoea kivuli cha msitu wa asili, ni kama bahari.

Kunguru wa Voi na apalisi wa Ngangao wanatupa habari moja. Yule anayekula chochote na kulala popote anaongezeka. Yule anayehitaji mti fulani na kivuli fulani anakwisha. Tukiendelea kujenga Voi, Mwatate na Taveta kwa mtindo mmoja wa saruji, mabati na taka za wazi, tutabaki na ndege wa aina moja kila mji, na watoto wetu watawajua wengine kwa picha.

Dawa haihitaji mabilioni. Taka za soko na hoteli zifunikwe na kuondolewa kabla giza halijaingia, kwa sababu kunguru huwahi kabla ya lori. Machinjio yasiache matumbo wazi. Anayepewa kibali cha kujenga aambiwe ni mti upi wa zamani hautakatwa. Na tunapopanda miti milimani, tuanze na ya asili kati ya vipande vya msitu, si mikaratusi kwa sababu tu hukua haraka.

Sumu itapunguza kunguru wa mwaka huu. Wa mwaka ujao wataamuliwa na ndoo ya taka iliyo nyuma ya jiko lako. Kesho asubuhi, kabla ya kumlaani aliye juu ya nguzo, hebu tazama kwanza anaangalia nini.