Kuhama mtandao na namba yako: lini kunalipa?

Tangu Machi 1, 2017, mteja wa simu nchini Tanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Hata hivyo, wengi vijijini huona heri kuongeza laini ya pili kuliko kuhama.

Kwa mkulima, namba ni mali. Mnunuzi wa ufuta anaijua, chama cha ushirika wanayo, na mtoto aliye bweni ameikariri. Ukihama nayo, hayo yote yanabaki. Je, utaokoa fedha?

Zamani, kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Mwaka 2013, kampuni ililipa nyingine shilingi 34.92 kwa kila dakika ya simu iliyopokelewa upande wa pili. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliendelea kushusha kiwango hicho hadi shilingi 2 mwaka 2022. Leo vifurushi vingi vina dakika za mitandao yote, kwa hiyo si lazima tena kuwa mtandao mmoja na ndugu zako.

Sasa fedha zinapotelea kwenye muda wa kifurushi. Anayenunua cha shilingi 500 kila siku hutumia shilingi 15,000 kwa siku 30. Hununua kidogo kidogo kwa sababu hana zaidi mfukoni, na dakika zisizotumika muda ukiisha zinapotea. Huyo akihama bila kubadili namna ya kununua, huenda asiokoe chochote.

Kwa hiyo, andika manunuzi yako ya wiki mbili. Uliza matumizi hayohayo yangegharimu kiasi gani kwa kifurushi cha wiki au mwezi, kwanza kwenye mtandao wako, kisha kwingine. Azima laini ya mtandao huo uijaribu nyumbani na shambani. Kifurushi cha bei nafuu pasipo na mawimbi ni hasara.

Ukiamua kuhama, toa kwanza pesa zote kwenye akaunti ya simu, lipa madeni na maliza salio, maana havikufuati. Nenda na kitambulisho chako kwa wakala wa mtandao unaouhamia, kisha utume neno HAMA kwenda 15080. Namba ya siri usimpe mtu. Ukishahama, utasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena.

Tofauti ikiwa ndogo, baki ulipo, ila badili kifurushi.