Barabara ya Pwani ya Cape Town: Siku Moja kwa Mwaka Haitoshi

Wadau, leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo, tupande baiskeli. (Ila msishangae siasa ikitufuata huko huko njiani. Si mnazijua nchi zetu?)

Kila mwaka, mwezi Machi, mji wa Cape Town kule Afrika Kusini hufunga barabara zake ili watu kama 35,000 waendeshe baiskeli kilomita 109 kuizunguka rasi. Jina rasmi la tukio siku hizi ni Cape Town Cycle Tour, ingawa wengi bado wanaliita Argus, jina la gazeti lililowahi kuwa mdhamini. Ukiziona picha zake utatamani. Mimi nilitamani mpaka nikaenda. Nimeipita njia ile mara mbili kwa baiskeli ya kukodi, tena siku za kazi, magari yakiwa yanapita kama kawaida. Na hapo ndipo hoja yangu ilipozaliwa.

Hoja yenyewe ni hii: waendesha baiskeli wa Cape Town walidai haki, wakapewa sikukuu.

Kwanza niwape picha ya njia. Unatoka katikati ya mji, unapanda na barabara kuu kupita chini ya mlima, kisha unateremka hadi Muizenberg, upande wa ghuba ya False Bay. Hapo unaifuata bahari: Kalk Bay, Fish Hoek, hadi Simon's Town penye kambi ya jeshi la wanamaji, na jirani yake ufukwe wa Boulders wenye pengwini. Ndiyo, pengwini, Afrika hii hii! Baada ya hapo unapanda kuelekea Smitswinkel huku bahari ikizidi kushuka chini yako. Unapita karibu na lango la hifadhi ya Cape Point, unavuka upande wa pili wa rasi, unateremka hadi Scarborough, na sasa bahari iliyo mbele yako ni Atlantiki. Nyani wako barabarani na hawana haraka na mtu.

Halafu inakuja Chapman's Peak. Wadau, sijui niieleze vipi. Ni kilomita tisa kati ya Noordhoek na Hout Bay, kona 114, zimechongwa kwenye jabali. Mkono mmoja ukuta wa mawe, mkono mwingine genge na maji ya bluu chini kabisa. Waliojenga walifuata mstari ambapo mwamba mgumu wa graniti unakutana na mawe ya tabaka yaliyokaa juu yake. Kazi ilianza 1915 ikakamilika 1922, na waliovunja mawe walikuwa wafungwa. Ukishateremka Hout Bay unadhani umemaliza, kumbe Suikerbossie inakusubiri: mlima wa kilomita kama mbili unaokukuta miguu imeshachoka. Ukiupita huo ni mteremko hadi Camps Bay, kisha mjini.

Na usisahau upepo. Ule wa kusini-mashariki haukusukumi tu, unakunyanyua. Mwaka 2017 shindano lilifutwa kabisa asubuhi ile ile kwa sababu ya upepo. Watu walikuwa wanang'ang'ania baiskeli zao zisipeperuke.

Sasa turudi kwenye hoja. Shindano hili lilianzaje? Wengi wanadhani mfanyabiashara fulani alikaa ofisini akaona pesa. Hapana. Mwaka 1977 watu wawili, Bill Mylrea na John Stegmann, waliandaa msafara wa mamia ya waendesha baiskeli mjini Cape Town ili kudai njia za baiskeli. Yalikuwa maandamano, kwa lugha nyepesi. Mwaka uliofuata, 1978, likafanyika shindano la kwanza, washiriki 525. Shindano likakua, likawa kubwa, likaingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Golden Bike, la kwanza kutoka nje ya Ulaya. Fedha zake zinasaidia shughuli za hisani, na hilo ni jambo jema, silibezi.

Lakini ombi la 1977 lilikuwa nini? Lilikuwa njia za baiskeli za Jumatatu hadi Jumapili, siyo medali.

Utaniambia, "Kaka, barabara ile iko kwenye genge, njia ya baiskeli utaiweka wapi, hewani?" Swali zuri. Sasa sikiliza habari ya Chapman's Peak. Mwishoni mwa 1999 mawe yaliyoporomoka yalimwua dereva pale. Januari 2000 barabara ikafungwa. Haikufunguliwa hadi Desemba 2003, baada ya kuwekwa nyavu za chuma za kuzuia mawe na sehemu nyingine kujengewa paa, na lango la tozo juu yake (baiskeli hazilipi, tuwe wakweli). Hadi leo hali ya hewa ikichafuka hufungwa. Yaani mawe yakitishia watu wa magari, barabara inafungwa karibu miaka minne na fedha zinapatikana. Magari yakitishia watu wa baiskeli, wanapewa Jumapili moja.

Na tishio si la kufikirika. Januari 2013, kwenye pwani nyingine ya nchi hiyo hiyo, kule KwaZulu-Natal, Burry Stander aligongwa na teksi ya abiria (daladala za kwao) akiwa mazoezini. Alikuwa na miaka 25, na miezi michache kabla alishika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya London, mbio za baiskeli za milimani. Kama bingwa wa kiwango hicho hakusalimika, wewe na mimi je? Baadaye mwaka huo jimbo la Western Cape lilitunga kanuni inayomtaka dereva anayeipita baiskeli aache nafasi ya mita moja. Nzuri kabisa kwenye karatasi. Mimi kwenye kona za Chapman's mita hiyo sikuiona mara nyingi.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi siyo bingwa, wala siyo mimi mtalii. Ni yule niliyepishana naye alfajiri karibu na Kommetjie: baiskeli nzito ya chuma, begi mgongoni, buti za kazini, hana taa. Yeye hakuja kuangalia mandhari. Na kwa nini anaishi mbali na kazi? Siasa ndiyo hiyo imeshatufikia. Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi ilitangaza Simon's Town kuwa eneo la wazungu, na familia ambazo hazikuwa za kizungu zikahamishiwa ng'ambo ya milima, mahali palipopewa jina la Ocean View, yaani mandhari ya bahari. Walionyang'anywa bahari wakapewa jina lake. Njia ya shindano inapita jirani na mtaa huo. Inapita pia jirani na Imizamo Yethu, makazi duni ya Hout Bay, ambako Machi 2017 moto uliwaacha maelfu ya watu bila makazi, siku moja tu kabla ya lile shindano lililofutwa. Upepo uliowanyima wengine shindano ulikuwa umeshawaunguzia wengine nyumba.

Kwa hiyo ubora wa njia ya baiskeli ya pwani tusiupime kwa picha za Jumapili ya Machi. Tuupime kwa yule bwana wa Kommetjie, Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Je, atafika kazini mzima?

Na suluhisho halihitaji kupanua genge. Bogotá, Colombia, tangu 1974 wanafunga barabara kwa magari, na siku hizi ni kila Jumapili, zaidi ya kilomita mia moja. Mtasema Bogotá ni mbali. Haya, Kigali hapo jirani: mji wa milima mitupu, ulianza siku ya bila magari mwaka 2016 mara moja kwa mwezi, baadaye ikawa mara mbili. Kama Kigali inaweza, Cape Town inashindwaje kuwaachia baiskeli Chapman's Peak asubuhi moja kila wiki? Siku nyingine punguza mwendo wa magari, na ile mita moja isimamiwe na askari badala ya kibao.

Najua kuna mtu hapo Dar anasema, "Yanatuhusu nini haya?" Yanatuhusu. Pale Morogoro Road, mradi wa mabasi ya mwendokasi ulituletea njia za baiskeli, na mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tukashangilia. Nenda leo ukaangalie nani anapita kwenye njia hizo: bodaboda. Sisi nasi tulipewa sherehe, tukasahau tulichokuwa tunakidai.

Nendeni Cape Town mkiweza, mkapande Suikerbossie, mkalie kama nilivyolia. Ni pazuri mno. Ila mkiwa kule juu mkifurahia bahari, mkumbuke kwamba wale wa 1977 bado wanasubiri jibu.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje wadau?