Viota vya Kanisani: Jibu Langu kwa Kamati ya Usafi



Wiki hii kamati ya usafi imeniletea ombi. Wanataka ruhusa ya kubomoa viota vya mbayuwayu vilivyo chini ya mabati ya baraza la kanisa, kabla ya Pasaka. Sababu yao si ya kuchezea. Kinyesi kinaanguka kwenye viti, kimeanguka kwenye kinanda cha kwaya, na Jumapili iliyopita kilimwangukia mama yetu mmoja aliyekuwa amevaa nguo nyeupe ya Meza ya Bwana. Vijana walicheka. Mimi sikucheka, maana nguo ile najua ilivyonunuliwa.

Jibu langu ni hapana. Nimeamua kulitoa hapa hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko baraza letu, na linawagusa hata nyinyi mlio na mashamba ya mpunga kule Ahero.

Fungua Yeremia 8:7. Nabii analia juu ya watu wasioijua hukumu ya Bwana, na anapotafuta mfano wa kuwaaibisha, anataja ndege wanne: koikoi, hua, mbayuwayu na korongo. Anasema hao wanajua majira yao ya kwenda na kurudi. Nikiwa chuo cha Biblia mwalimu alituonyesha kwamba jina la koikoi kwa Kiebrania ni hasida, na lina mzizi mmoja na hesed, neno lile la fadhili na uaminifu wa Mungu. Wayahudi walimpa ndege jina la namna hiyo! Sikulisahau.

Lakini kuna kitu hatukufundishwa chuoni, nimekuja kukisoma baadaye. Nchi aliyoishi Yeremia iko katikati ya njia kuu ya ndege wahamao. Inakadiriwa ndege milioni 500 hupita anga ya Israeli kila majira ya kuhama. Korongo weupe wanaozaliana Ulaya ya mashariki hupita pale, wanashuka Misri na Sudan, wanafuata Bonde la Ufa, na wengine wanafika kwetu na kuendelea hadi Afrika Kusini. Kwa hiyo mpendwa, ndege ambaye Yeremia aliinua macho akamwona, vizazi vyake bado vinapita juu ya tambarare ya Kano. Wewe ukiwa kwenye bodaboda kutoka njia panda ya Awasi kwenda Ahero unaweza kuliona andiko hilo likiruka.

Wazungu wenyewe walichelewa kulijua hili. Kwa karne nyingi baadhi yao waliamini mbayuwayu hujificha chini ya maji wakati wa baridi. Halafu mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, korongo mmoja aliuawa akakutwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Alikuwa ameruka nao kutoka huku hadi kule. Bado amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock. Mimi nikifikiri juu ya ndege yule siwazi sana habari ya sayansi. Nawaza mtu wa kwetu aliyerusha ule mkuki.

Na kwetu si mbali. Januari 2022, hapo Siaya ng'ambo ya ghuba, wananchi walimpata ndege mkubwa mla samaki, jamii ya tai, akiwa dhaifu. Mguuni alikuwa na pete ya makumbusho ya Helsinki. Alikuwa ametoka Finland, karibu kilomita 7,000. Shirika la Wanyamapori, KWS, lilimchukua ili atibiwe, lakini alikufa. Walau waliomkuta hawakumgeuza kitoweo. Waliita watu, wakaonyesha pete.

Sasa turudi barazani, na hapa lazima nijisahihishe. Siku moja nilihubiri kwamba hawa wanaojenga kanisani ni wageni kutoka Ulaya. Nilikosea. Mbayuwayu wa Ulaya wanafika kuanzia Septemba na kuondoka kufikia Aprili, na hapa hawajengi. Wanakuja kula na kupumzika. Nyumba zao ziko kule. Ndio wale mnaowaona Machi hii wamejipanga kwenye nyaya za stima kama wanafunzi wakati wa gwaride. Ndege wa gramu 20 hivi, anajiandaa kuvuka jangwa la Sahara. Wanaojenga kwa matope chini ya mabati yetu ni opija wa hapa hapa, wenyeji, waumini wa kudumu kama ningeruhusiwa kusema hivyo.

Je, hilo linawaondolea haki? Zaburi 84:3 inasema mbayuwayu alipata mahali pa makinda yake penye madhabahu ya Bwana. Hekalu lile lilikuwa na makuhani, damu, moshi, na usafi wa kuogopesha, na bado mtunga zaburi anamwonea wivu yule ndege. Na Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inakataza ukikuta kiota usichukue mama pamoja na makinda. Angalia ahadi iliyo mwishoni mwa amri hiyo: kufanikiwa na siku nyingi. Ni ahadi ileile iliyofungwa kwenye amri ya kuheshimu baba na mama. Tumeihubiri ile ya wazazi kila harusi. Hii ya kiota nani ameihubiri?

Nimefika mahali pagumu, na najua baadhi yenu mtanikasirikia.

Kuna ndugu na dada zetu wanaolima mpunga. Mwanzoni mwa 2023 kwelea walivamia mashamba ya huku Kisumu, ekari karibu 300 zikaliwa na ekari 2,000 hivi zikawa hatarini. Kwelea naye ni msafiri, anafuata mvua na mbegu za nyasi ndani ya Afrika yetu. Mmoja anakula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, si kitu. Kundi la milioni 2 linakula tani 20. Niliwaona wenzetu wamesimama majarubani tangu alfajiri hadi jua kuzama wakipiga madebe, sauti zimekauka, na watoto hawakwenda shule. Kwa hiyo asije mtu akasema mchungaji anapenda ndege kuliko ada ya shule. Mkulima anayelinda mpunga wake hatendi dhambi. Serikali iliponyunyiza fenthion, watunza mazingira walilalamika kwamba dawa ile haichagui kwelea peke yake, na nadhani walisema kweli. Lakini mkulima aliyekopa pesa ya mbegu ningemwambia nini? Ningesimama naye na debe langu.

Ninalolikemea ni jingine. Ni kile kijichupa cha dawa kinachonunuliwa kimyakimya, kikachanganywa na mchele au konokono, kikawekwa majarubani ili ndege wafe, wakachinjwe na kuuzwa. Jambo hili limeandikwa na watafiti kule kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala: Furadan, yaani kabofurani, dawa ya kuua wadudu, ikitumiwa kuua korongo wanaokula konokono na vitwitwi waliotoka Ulaya na Siberia. Ndege hai walifungwa hapo kama chambo, ili wenzao wakiona mwenzao ametulia washuke bila woga. Soma hapo tena. Msafiri amevuka bahari na jangwa, anamwona ndugu yake, anashuka apumzike.

Na nyama hiyo inapikwa. Dawa hii inashambulia mishipa ya fahamu: mate yanatoka, jasho, pumzi inabana. Kama kuna mtu wa kanisa hili anayeuza ndege wa namna hiyo, namwambia kwa upendo, aache leo. Unamlisha jirani sumu na kuita biashara. Fungu la kumi la pesa hiyo usilete. Na wewe unayenunua ndege waliofungwa mafungu kando ya barabara kwa sababu ni rahisi kuliko kuku, uliza walikufaje. Hata serikali ikinyunyiza kihalali, usiokote waliokufa, na kuku wako wafungie.

Mwenye shamba ana njia. Wapandao jirani wapande kwa wakati mmoja ili ndege wasipate meza ya miezi mitatu. Mpunga ukiiva usiuache shambani ukisubiri bei. Mkiona kundi linalala kwenye matete, mwambieni afisa wa kilimo mapema, kabla hawajawa wingu. Na ninawaomba vijana wasio na kazi ya shamba wajitolee zamu za kulinda, ili watoto warudi darasani. Nimeshazungumza na kiongozi wa vijana. Orodha iko kwake.

Kwa wengine, nyumbani mambo ni madogo. Weka karai la maji lisilo na kina, tia jiwe katikati ndege apate pa kusimama, na ubadilishe maji kila asubuhi, maana huku kwetu maji yaliyolala ni mbu na mbu ni malaria. Mkuyu wa zamani ulio kwenye boma usiukate kwa sababu tu fundi anataka kuni za kuchoma matofali. Ua wa ojuok na vichaka uache nusu yake ukate nusu. Nyinyi mlio karibu na mdomo wa mto Nyando na ufuko wa ziwa, mkichoma matete na mafunjo ovyo mnachoma vitanda: mbayuwayu wahamao hulala humo kwa maelfu usiku. Watoto wenye manati, baba zao wazungumze nao. Sisemi uwachape. Mwambie mtoto ndege yule ametoka wapi, uone kama mkono hautashuka wenyewe.

Ukimpata ndege mwenye pete mguuni, andika namba zake, mpige picha, mpigie KWS au Makumbusho ya Taifa kule Nairobi. Kuna mtu mahali fulani anasubiri habari yake kama mzazi anavyosubiri simu ya mtoto aliye Qatar.

Faida yao? Okok anafuata ng'ombe akiokota wadudu, mnamwona kila siku. Korongo wakishuka penye viwavijeshi wanakula mpaka wanashindwa kuruka vizuri. Mbayuwayu kazi yao kutwa ni wadudu warukao. Lakini nikiwa mkweli, hata kama wasingetufaa kitu ningesema haya haya, kwa sababu Bwana Yesu alipotaja ndege waliouzwa kwa senti mbili hakusema wana faida gani. Alisema hawasahauliwi.

Basi kamati ya usafi, hili ndilo jibu. Viota vinabaki. Dada yetu wa nguo nyeupe, mimi na mama mchungaji tutagharamia dobi. Kinanda kihamishiwe upande wa pili, karibu na dirisha. Jumamosi saa tatu asubuhi fundi atapigilia ubao chini ya kila kiota, sentimita 30 hivi kwenda chini, upokee kinyesi. Ubao utaoshwa kila Ijumaa pamoja na sakafu. Viota ni saba, nimehesabu. Mbao tunazo tano. Mwenye vipande viwili nyumbani avilete, na mwenye ngazi ndefu aniandikie hapa chini.