Barua Isomwe Mpaka Mwisho



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya kijana atokaye kijijini kwenda mji mkubwa kupimwa katika chuo cha muziki. Najua ya kuwa katika nyumba zenu wamo watoto wenye kipawa cha kuimba na kupiga kinanda, na wazazi wengine wamekwisha kuanza kuweka akiba ya nauli. Habari nitakayowaeleza ni ya nchi ya mbali. Lakini kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niitafute habari hiyo.

Siku moja mzee mmoja wa mtaa wetu alikuja kwangu na barua mkononi. Mwanawe, niliyemfundisha kinanda mimi mwenyewe, alikuwa amekwenda mjini kupimwa, na majibu yamefika. Mzee akaniambia, "Mwalimu, macho yangu hayaoni vema. Nisomee." Nikaifungua, nikasoma mistari miwili ya kwanza, nikaona ya kuwa kijana hakukubaliwa. Nikaona uchungu, na aibu pia, kwa kuwa mwanafunzi yule alikuwa wangu. Nikaikunja barua, nikamrudishia. "Pole, Mzee," nikasema, "wamemkataa." Tangu siku ile kijana hakugusa kinanda tena. Mwisho wa jambo hili nitaueleza hapo chini.

Basi, sikilizeni sasa habari za Giuseppe Verdi wa Italia. Alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na mama yake alijua kazi ya kusokota nyuzi. Mtoto alipoonekana kupenda muziki, baba alimnunulia kinanda kidogo cha nyuzi, kikuukuu. Mwaka 1821 fundi mmoja, jina lake Stefano Cavalletti, alikitengeneza kinanda kile wala hakutaka malipo. Akaandika ndani yake ya kuwa yamtosha kuona jinsi mtoto huyu alivyo na bidii ya kujifunza. Kinanda hicho kimehifadhiwa mpaka leo mjini Milano, katika jumba la makumbusho la La Scala.

Alipokuwa angali mtoto mdogo, Verdi alipewa kazi ya kupiga kinanda cha kanisa la kijiji. Kisha akapelekwa Busseto kusoma, akafundishwa muziki na mwalimu Ferdinando Provesi; na siku za Jumapili alirudi kwa miguu, mwendo wa kilomita 5 hivi, apate kupiga kinanda kanisani kwao. Huko Busseto alikuwako mfanya biashara wa vyakula na vinywaji, jina lake Antonio Barezzi. Bwana huyu aliupenda sana muziki, na wapigaji wa vyombo wa mji walikusanyika nyumbani mwake kufanya mazoezi. Akamwona kijana, akampenda, hata mwisho akamkaribisha akae kwake.

Watu wakaona ya kuwa mji mdogo haumtoshi tena. Yafaa aende Milano, kwenye chuo kikubwa cha muziki. Mfuko wa sadaka wa Busseto ulikubali kumpa msaada wa masomo, lakini fedha hazingepatikana upesi. Kwa hiyo Barezzi akatanguliza zake. Siku zile Italia haikuwa bado dola moja. Busseto ulikuwa katika nchi ya Parma, na Milano ulitawaliwa na Waaustria, hata ilimpasa kijana kuchukua hati ya safari. Katika hati ile waliandika sura yake: nywele za rangi ya kahawia, macho ya kijivu, uso mwembamba wenye makovu ya ndui. Ndivyo alivyofika Milano mwaka 1832, naye hajatimiza miaka 19, baada ya safari ya yapata kilomita 100. Tarehe 22 Juni aliandika maombi yake. Akapiga piano mbele ya walimu, akawaonyesha na wimbo wa sauti nne alioutunga, wa namna iitwayo fuga, ambamo kila sauti huingia kwa zamu na kuifuata ile ya kwanza.

Akakataliwa.

Hapa ndipo nawaomba tusimame kidogo, tusiwe kama mimi niliyesoma mistari miwili. Kwa nini alikataliwa? Kanuni za chuo zilitaka mwanafunzi aingie akiwa na umri wa miaka 9 hata 14. Naye alikuwa amepita sana umri huo. Tena alikuwa mgeni, raia wa nchi nyingine, na nafasi za kulala zilikuwa chache. Tena mwalimu wa piano, Antonio Angeleri, aliona ya kuwa mkono wa kijana umezoea kukaa vibaya juu ya piano, na ya kwamba kwa mtu wa umri ule ni vigumu kuurekebisha. Lakini si hayo tu. Katika taarifa yake juu ya mtihani huo, Francesco Basily, msimamizi wa masomo, aliandika kwamba kama kijana atajifunza kwa bidii na uvumilivu kanuni za kupatanisha sauti, ataweza kuyatawala mawazo yake, na huenda akafaulu katika utungaji. Na mwalimu mwingine, Alessandro Rolla, alimwambia Verdi asikifikirie chuo tena, bali atafute mwalimu mumo humo mjini. Akamtajia na majina ya wawili.

Mwaona, wapenzi? Walimu wale hawakuwa wajinga wala hawakuwa na chuki. Walifunga mlango wa chuo, lakini waliutaja ugonjwa, na mmoja wao akaionyesha nyumba ya mganga. Ilibaki mtu wa kusikia neno hilo la mwisho na kulifanyia kazi.

Mtu huyo alikuwa Barezzi. Angaliweza kusema, "Fedha zangu zimepotea, rudi ukapige kinanda cha kijiji." Hakusema hivyo. Ingawa kusoma nje ya chuo kuligharimu zaidi ya msaada ulioahidiwa, alilipia chumba, akalipia masomo, akalipia na piano ya kukodi. Verdi akawekwa chini ya Vincenzo Lavigna, mmoja wa wale wawili aliowataja Rolla, mwanamuziki aliyekuwa akifanya kazi La Scala. Mwalimu huyu alimfundisha muda wa miaka mitatu hivi, na kazi kubwa ilikuwa kutunga fuga, na fuga tena, ndiyo kusema kanuni zile zile za kupatanisha sauti alizozitaja Basily. Dawa ilifuata ugonjwa.

Na juu ya ule mkono? Angeleri huenda hakukosea. Verdi hakupata sifa yake kwa kupiga piano. Alipata sifa kwa kutunga, jambo ambalo Basily aliliona tangu mwanzo.

Wala njia haikuwa nyepesi baada ya hapo. Mwaka 1836 alimwoa Margherita, binti wa Barezzi. Wakazaa watoto wawili, wote wakafa wangali wachanga, mmoja mwaka 1838 na mwingine mwaka 1839. Na mwaka 1840 Margherita naye akafa. Mchezo wake wa kwanza wa kuimbwa, Oberto, ulichezwa La Scala mwezi wa Novemba 1839. Wa pili haukupendwa na watu. Wa tatu, Nabucco, ulichezwa mwezi wa Machi 1842, na hapo ndipo jina lake lilipoenea katika Italia yote. Mwaka 1847 alipotunga Macbeth aliutoa kwa heshima ya Barezzi, aliyemwita baba, mfadhili na rafiki.

Yasemekana watu wengi kwamba Verdi hakusahau. Ni kweli, aliyatunza maombi yake ya mwaka 1832, akaandika juu yake ya kuwa yalikataliwa. Akafa mwaka 1901 nayo yangalimo miongoni mwa karatasi zake. Baada ya kufa kwake, chuo kile kile kikaitwa kwa jina lake. Lakini twaona na jambo jingine. Katika uzee wake alijenga mjini Milano nyumba kubwa ya kuwatunza wanamuziki wazee wasio na msaada, ikafunguliwa mwaka 1902. Na humo ndimo alimozikwa. Mji uliomfungia mlango ndio aliouachia nyumba.

Simwambii mzazi ya kuwa kila mtoto aliyekataliwa ni Verdi. Wengi hawatakuwa hivyo, wala si lazima. Nasema haya tu. Kabla ya safari, ulizeni kanuni za chuo, hasa juu ya umri, msije mkalipa nauli kwa mlango uliokwisha kufungwa. Fedha zote zisiishe katika nauli. Bakizeni za kumlipa mwalimu wa pili. Na barua ikija, isomeni mpaka mwisho, mkitafuta ugonjwa uliotajwa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa nimalize habari yangu. Ilipita miaka miwili. Mzee alikuwa akitafuta karatasi za shamba, akaiona barua ile, akaniletea aniulize kama yafaa kutupwa. Safari hii niliisoma yote. Chini kabisa waliandika kwamba kijana ana sikio jema na mkono wa kulia mwepesi, ila hajui kusoma noti za mkono wa kushoto. Ajifunze mwaka mmoja, kisha arudi apimwe tena.

Noti za mkono wa kushoto ndizo ninazozisoma kwa shida mimi mwenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na la pili pia.

Nikamsomea mzee kwa sauti, neno kwa neno. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, haya kamwambie mwenyewe." Nikaenda. Kijana amekwisha kuwa fundi seremala, ana mke. Alinisikiliza bila kuacha randa, kisha akaniuliza ni nani katika wilaya yetu ajuaye kufundisha mkono wa kushoto. Nimemtajia jina. Siku ya Alhamisi jioni huenda kwa mwalimu huyo, nami huenda pamoja naye, nikaketi upande wake, nikajifunza.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.